Wimbo wa Pili Haurudi Nyumbani

Mume akikwambia anapiga piano, sikiliza piano. Mume mwache aseme. Fundi alilijua hilo kwa kuchelewa, na lau si ule ukuta wa mbao uliotenga chumba chake cha kushonea na chumba cha nyuma, angeendelea kukanyaga cherehani yake kwa raha zake mpaka leo.

Tuwajue kwanza wenyewe. Fundi alikuwa mshona nguo za wanawake, mtu wa mkasi mkali na ulimi usio butu, na tangu aanze kazi hiyo hakuna aliyemwita jina jingine, hata mumewe. Mumewe ndiye Mwalimu: mrefu, mpole, mfundishaji wa piano katika chuo cha muziki, mtu ambaye hata akisubiri maji yachemke utaona vidole vinachezacheza juu ya meza. Nyumba yao haikuwa kubwa. Mbele, penye dirisha la barabarani, palikuwa na cherehani. Nyuma ya ukuta huo wa mbao kulikuwa na chumba cha piano, chenye mlango wa pili unaotokea uchochoroni. Chumba cha kulala na jiko vilijibana ubavuni.

Mwaka huo mkuu wa chuo alimwomba Mwalimu apige sonata mbele ya watu, siku ya kuzindua ukumbi mpya. Basi ikawa kila siku akitoka chuoni, akishakula, Mwalimu anaingia chumba cha nyuma, anafunga mlango kwa ufunguo, na piano inaanza. Fundi anashona, piano inalia, na mpita njia angesema nyumba hii ina heri.

Sasa, kuna jambo inabidi ulielewe hapa, la sivyo utamwona Fundi kichaa. Mwalimu alimpata mke huyu kwa sonata. Alikuja kupunguziwa suruali, akakaa mpaka jioni, na katika kutafuta la kusema akaanza kumweleza kazi yake. Fundi alikuwa amewahi kuimba kwaya, kwa hiyo do-re-mi hazikumtisha. Mwalimu alimwambia hivi:

"Kile kipande cha kwanza cha sonata, we kichukulie ni nyumba moja na nyimbo mbili. Wimbo wa kwanza ndiye mwenye nyumba. Do yake iko hapa. Anajitambulisha, anajitapa kidogo. Halafu unaingia wimbo wa pili, mtaratibu, mzuri wa kukutoa machozi, lakini do yake siyo ya hapa, imehamia kwa jirani. Sehemu hiyo mara nyingi tunairudia vile vile ilivyo, ili watu wazishike nyimbo zote mbili. Baada ya hapo ni vurugu. Nyimbo zinakatwa vipande, zinazungushwa kwenye do za watu, hujui nani katokea wapi. Ukishachoka, mwenye nyumba anarudi kwake. Na wimbo wa pili nao unarudi, ule ule, ila safari hii unaimbwa kwa do ya nyumbani. Hapo ndipo mambo yanaisha."

"Na ukikataa kuhamia?" Fundi aliuliza, pini mdomoni.

"Basi watu watatoka ukumbini wana kiu."

Alimpa na mtihani. Anapiga, Fundi amefumba macho, na wimbo wa pili ukifika nyumbani ainue mkono. Mwanzoni Fundi aliinua popote tu, maana kwake wimbo ni ule ule, kwa jirani au nyumbani. Mwalimu alicheka, hakuchoka. Kisha siku moja, hata Fundi mwenyewe hakujua imekuwaje, wimbo wa pili ulikuja na tumbo lake likatulia, kama mtu aliyesikia mlango wa nje umefungwa na wote wako ndani. Akainua mkono. Mwalimu aliacha kupiga akamtazama, na posa ikaja mwezi huo huo.

Kwa hiyo usinidharaulie masikio ya huyu mwanamke.

Kilichomtia shaka kwanza kilikuwa kidogo. Kule nyuma ya ukuta alisikia mwenye nyumba, kisha jirani. Mwenye nyumba tena, jirani tena. Kimya kifupi. Halafu mwenye nyumba, na jirani. Vurugu haikuja hata siku moja, na kurudi nyumbani ndiyo kabisa. Fundi akamtafutia mumewe udhuru, kama wake wanavyofanya. Alijiambia kwamba anashughulikia sehemu ya kwanza kwanza; hata yeye anaposhona gauni haanzi na pindo.

Lakini mazoezi anayajua. Ameishi nayo. Mwalimu akifanya mazoezi hukwama, hurudia pale pale mpaka majirani wanapakariri, hujisonya, huanza upya polepole. Piano hii ya siku hizi haikukwama. Ilitoka laini kuanzia mwanzo hadi mwisho, kila siku laini ile ile, na pale mkono wa kushoto unaposhuka chini kabisa stuli ya Mwalimu ililia kwii. Kila mara pale pale.

Stuli ile ilikwishatengenezwa. Fundi mwenyewe ndiye aliyemwita seremala, akamsimamia mpaka gundi ikakauka. Asubuhi moja Mwalimu alipokwenda chuoni, Fundi aliingia chumba cha nyuma, akaikalia stuli, akajirusha kushoto, akajirusha kulia, akajipinda kama mcheza ngoma. Stuli kimya. Mchana wake, nyuma ya ukuta, kwii.

Fundi aliinua mguu kwenye cherehani. Ile haikuwa piano, ilikuwa sauti iliyonaswa kwenye simu na kuwekewa spika. Na kama piano inajipiga yenyewe kule ndani, Mwalimu yuko wapi?

Hakuuliza. Aliyekwambia mwanamke akishuku huuliza, huyo hajawahi kushukiwa. Fundi alitega. Jioni walipokuwa wanakula alimmiminia maji akasema, bila kumtazama:

"Inakwendaje sonata?"

"Vizuri. Leo nimeipiga yote."

"Yote mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Na wimbo wa pili umerudi nyumbani vizuri?"

Mwalimu alitafuna, akameza. "Vizuri kabisa," akasema. "Safi."

Jamani. Mtu aliyemfundisha yeye mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, anakaa mbele yake na kumdanganya kwenye jambo lile lile. Fundi aliona uchungu, si wa hasira tu, ni wa kuonwa mjinga. Aliondoa sahani kabla mumewe hajamaliza kula.

Tangu hapo kila kitu kikawa na sura mbili. Alinusa mashati kabla ya kuyafua. Mwalimu akitabasamu, alijiuliza anamtabasamia nani. Akinyamaza, anamfikiria nani. Mlango ule wa uchochoroni, ambao zamani ulikuwa mlango wa kutolea takataka tu, sasa Fundi aliuona ndio mlango mkuu wa nyumba, na yeye ndiye aliyeketi kwenye mlango wa uani.

Na shaka haikosi mpepeaji. Mpepeaji alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa Mwalimu, aliyekaa nyumba ya tatu na kuja kila siku kukaa tu. Wifi hakuwa mtu mbaya. Ni mtu ambaye habari ikimkaa tumboni humkata.

"Wifi yangu," alisema siku moja, akijipepea kwa kipande cha kitambaa, "mimi ni ndugu wa yule, nilipaswa kuficha. Lakini wewe ni mwanamke mwenzangu. Nimemwona na yule mpiga fidla wa chuoni, yule mnayemwita Kidevu. Wanatoka kwenye lile jengo la ghorofa karibu na duka la dawa. Yule binti kamshika mkono."

"Kamshika vipi?"

"Kwa mikono yake miwili. Hivi." Wifi akauchukua mkono wa Fundi, akaukumbatia kama kifaranga. "Katikati ya barabara, mchana kweupe."

"Labda ni salamu."

"Salamu ya kukandakanda vidole? Mimi sisemi kitu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Kidevu, kwa taarifa yako, aliitwa hivyo kwa sababu ya alama nyeusi aliyoachiwa na fidla pale chini ya taya. Alikuwa mdogo kwa Fundi, mkimya, na kibaya zaidi alikuwa mteja. Gauni lake la siku ya uzinduzi lilikuwa mezani kwa Fundi, limeshakatwa, linasubiri kupimwa mwilini. Alikuja kesho yake mchana, saa za piano.

"Inua mkono, kama unapiga," Fundi alisema.

Kidevu akainua. Nyuma ya ukuta mwenye nyumba alikuwa anajitapa. Fundi alichoma pini moja, akachoma nyingine, macho yako kwenye nguo na masikio yako kwa mteja. Kama mwanamke ni huyu na yuko hapa, basi Mwalimu yuko kwa nani muda huu? Au ameletwa makusudi, aje atulie hapa mbele kama kifuniko, ili mke aseme aa, nilimdhania bure? Shaka ikishaota mizizi hailali njaa. Kila utakachoipa inakula.

Wimbo wa pili uliingia, jirani yule mzuri. Mkono wa kushoto ukashuka, stuli ikalia kwii. Na Kidevu, aliyekuwa ametazama mbele muda wote, aliugeukia ukuta mara moja tu, kisha akainamisha uso haraka. Anajua, Fundi alijiambia. Huyu anajua kama ninavyojua mimi.

"Anapigaje?" Fundi akauliza. "Mimi ni wa cherehani, sijui muziki."

"Mwalimu ni Mwalimu," Kidevu alijibu. Kisha akaongeza, taratibu, "Dada, wewe na Mwalimu huwa mnaongea? Nyumbani, namaanisha. Mambo yenu."

Fundi alishika pini isimtoke. Hawara anakuuliza kama unaongea na mumeo, unamjibu nini? "Tunaongea sana," akasema. "Hakuna anachonificha."

"Afadhali," Kidevu alisema, lakini uso wake haukufanana na mtu aliyesikia afadhali.

Alipoondoka, Fundi alibaki na gauni na wazo ovu. Kwapa. Kulibana kwapa kidogo tu, upana wa kucha, mshono usioonekana, na siku ya uzinduzi huyu bibi atainua fidla mbele ya wakubwa na nguo itampasukia mbavuni. Alilikunja kwapa, akalipitisha chini ya sindano, akaweka mguu. Mguu ukakataa. Si huruma, ni kwamba hajawahi kutoa nguo mbovu mkononi mwake, na hakuona sababu ya kuanzia kwa mwizi wa waume. Akalishona inavyotakiwa, kwa hasira, na likawa gauni zuri kuliko alilotarajia.

Usiniulize alilalaje siku hizo. Alimpigia simu dada yake mkubwa, akamweleza yote, na dada akasema chumba kipo, njoo na cherehani yako. Wakakubaliana siku. Fundi aliweka nguo zake chache kwenye begi, akalisukuma chini ya meza ya kukatia. Lakini hakutaka kuondoka kwa kudhani. Alitaka kuikuta piano inalia na stuli haina mtu, auone kwa macho yake, ili asije akazeeka akijiuliza. Chumba kikiwa tupu, anaondoka. Hilo lilikuwa neno la mwisho, na alimwambia Wifi, na Wifi akasema atakuja kuwa shahidi.

Siku ikafika. Wali ukaliwa, mlango wa nyuma ukafungwa kwa ufunguo, piano ikaanza. Wifi alishaketi kwenye kiti cha wateja, amejifunga kanga vizuri kama mtu anayekwenda kwenye kesi. Fundi akamwacha pale, akatoka, akazunguka kwa uchochoroni. Alipanga kumngoja Mwalimu pale pale kwenye mlango wa takataka, amkamate akirudi.

Alipoufikia akasimama. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo kutoka ndani, aliusukuma, haukutikisika. Chini, kwenye kizingiti, mchwa walikuwa wamejenga mstari wao wa udongo kutoka ardhini mpaka kwenye fremu, mzima, haujavunjwa. Mlango ule haukuwa umefunguliwa kwa muda mrefu sana.

Kwa hiyo yumo ndani. Hilo lilimtisha Fundi kuliko alipodhani hayumo. Ndani anafanya nini mtu, na piano ya uongo inamfunika? Na nani? Alirudi mbele nusu anakimbia, akampita Wifi bila kumtazama, akagonga mlango wa chumba cha piano.

"Nafanya mazoezi, mke wangu," sauti ya Mwalimu ilitoka ndani, tulivu, na piano haikusita hata noti moja.

"Fungua."

"Nimalizie kidogo."

"Hutamaliza," Fundi alisema. "Wimbo wa pili haurudi nyumbani. Haujarudi tangu ulipoanza kujifungia humo. Fungua mlango."

Piano ikakatika katikati ya noti. Kisha ufunguo ukazunguka.

Hakukuwa na mwanamke. Hakukuwa na kitu chochote cha kukamata. Piano ilikuwa imefunikwa, na juu ya kifuniko kulikuwa na simu na spika ndogo. Stuli ilikuwa imevutwa ukutani, na alama ya mgongo wa mtu ilikuwa imeshika weusi kwenye rangi ya ukuta. Alikuwa anakaa pale. Kila siku, mchana mzima, anakaa pale na kusikiliza.

Fundi akafunga mlango nyuma yake ili Wifi asisikie. "Niambie," akasema.

Mwalimu aliinua mkono wa kulia, akautazama kama kitu cha kuazima. "Vidole hivi viwili vya mwisho. Nikianza kupiga vinajikunja. Haviumi. Nikishika kijiko viko sawa, nikishika chaki viko sawa. Nikiviweka juu ya piano vinajikunja ndani, na siwezi kuvikunjua mpaka niache." Alisema daktari ameona mara moja tu watu wa namna hiyo, na kwamba pengine havitarudi. Alisema Kidevu ndiye aliyegundua chuoni, ndiye aliyempeleka kwa daktari, na alikuwa anamsihi kila siku amwambie mkewe.

"Na hiyo?" Fundi alionyesha simu.

"Nilikuwa najirekodi ili nijisikilize. Nikapiga sehemu ya kwanza, nikairudia. Nilipoingia kwenye vurugu mkono ukafunga. Ndiyo siku ya kwanza. Sauti inaishia hapo kwa sababu mimi niliishia hapo."

Fundi alikaa chini, sakafuni. Kwanza alipumua. Hakuna mwanamke. Kisha, kama mshona nguo anayepitisha kidole kwenye mshono, akafika pahali palipokwaruza.

"Ulijua nakushuku?"

Mwalimu aliisogeza simu juu ya kifuniko.

"Nimenusa mashati yako. Nimekuuliza kwa mafumbo. Dada yako ameuzunguka mtaa mzima na jina la yule binti. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na uliniacha."

"Mume mwenye hawara watu wanamsema," Mwalimu alisema polepole, "lakini wanamsema kama mume. Nilifikiri hilo ungelilia likaisha. Hili sikujua ungelifanya nini. Ulimpenda mpiga piano."

"Begi langu liko chini ya meza. Unajua?"

"Nimeliona."

"Ungeniacha niondoke."

"Ndiyo," alisema.

Yamemkuta mengi Fundi maishani, lakini hilo ndilo lililomkalia kifuani. Kwa hasira akaona kuna njia moja tu ya kuuvunja uongo huu: kuutoa nje. Alisimama, akafungua mlango. "Mwambie dada yako," akasema. "Kwa mdomo wako. Sasa hivi."

Mwalimu alitoka mpaka chumba cha mbele, akasimama mbele ya cherehani kama mwanafunzi aliyeitwa. "Dada," alisema, "sina mwanamke. Mkono wangu umekufa. Siwezi kupiga tena."

Wifi alimtazama kaka yake, akamtazama wifi yake, akaguna. "Umekufa vipi? Si huo hapo, umetoka kula nao. Juzi umeubebea ndoo."

"Kwenye piano tu."

"Kwenye piano tu." Wifi alicheka kicheko kile cha puani. "Kaka, nimekubeba mgongoni, nakujua. Ukitaka kutudanganya tafuta ugonjwa unaoonekana. Wifi yangu, na wewe umelikubali hilo? Mkono unaoumwa saa za mwanamke? Haya, kama ni kweli, apige tuone."

Hapo Fundi alipaswa kusema. Neno lilikuwa dogo: hapigi, nimeshamwamini. Lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini Wifi alikuwa ameshasema, na lile alilolisema likatambaa mpaka kwenye ile mizizi ya wiki zote zile. Haviumi. Kijiko sawa, chaki sawa. Daktari gani huyo, mbona hajawahi kutajwa? Mwanamke aliyemshika mkono ndiye pia shahidi. Fundi alijichukia, lakini alitaka kuona. Alinyamaza, akatazama sakafu.

Mwalimu alisubiri. Alimtazama mkewe kwa muda wa kutosha mtu kusema neno, na mkewe hakusema. Basi akarudi chumba cha nyuma, akavuta stuli, akafunua piano, na mlango ukiwa wazi kwa mara ya kwanza tangu aanze kujifungia, akapiga.

Alianza vizuri. Mwenye nyumba aliingia kwa fahari yake ile ile, na kwa kitambo kidogo Wifi alikunja mdomo wa kusema si nilikwambia. Kisha kidole cha mwisho kikakosa. Kikakosa tena. Cha pili yake kikakifuata, vyote viwili vikajikunja kwenye kiganja taratibu, wala hakuvikunja yeye. Mtu aliona wazi kwamba alikuwa anapigana navyo, mshipa umemtoka shingoni. Aliendelea. Alipiga kwa vidole vitatu, kisha kwa ngumi, noti zikagongana, wimbo wa pili ukatokea umevunjika meno, na bado aliendelea, kwa sababu ameambiwa apige na hakuna aliyemwambia aache. Wifi ndiye aliyelia kwanza. Alijifunika uso na kanga akasema, "Basi, kaka yangu, basi," na ndipo akaacha.

Mwalimu alifunika piano. Ule mkono ulikuwa bado ngumi juu ya paja lake. Alimgeukia Fundi, si dada yake.

"Umeamini?" aliuliza, bila ukali wowote.

"Nimeamini," Fundi alisema.

Jioni ile alilitoa begi chini ya meza, akarudisha nguo kabatini. Alimchemshia mumewe maji ya kukandia mkono, ingawa wote wawili walijua kwamba maji hayangesaidia, na Mwalimu aliuacha ukandwe. Halafu Fundi akatoka nje barabarani akampigia dada yake simu, kumwambia chumba asikihangaikie, haendi.

"Kwa hiyo hakuwa na mwanamke?" dada yake akauliza.

"Hakuwa naye. Anaumwa mkono. Alikuwa ananificha."

"Basi mshukuru Mungu, mdogo wangu. Mficha maradhi kifo humuumbua; afadhali kimemuumbua kitu kingine. Sasa mbona unalia?"

Fundi alijaribu kulieleza.

"Aliniambia," alisema, "na mimi nikamwacha apige."